Wakati, Muda na Saa: Makosa ya Aina katika Msimbo wa Mtandao wa Mifumo Endeshi

Sentensi "Basi litaondoka baada ya saa mbili" ina maana mbili, na sarufi peke yake haimsaidii msikilizaji kuchagua. Ikiwa msemaji anakusudia wakati, basi litaondoka saa mbili ikishapita, ya asubuhi au ya usiku. Ikiwa anakusudia muda, litaondoka dakika 120 kuanzia pale anaposema. Kiswahili kina njia za kuondoa utata huo: mtu anaweza kusema "baada ya muda wa saa mbili", au "baada ya saa mbili asubuhi". Hata hivyo, wasemaji wengi hawazitumii njia hizo ila pale wanapohisi kwamba kutoelewana kutaleta hasara, na mara nyingi hasara huwa imekwisha kutokea.

Utata wa namna hiyo hiyo umo ndani ya kompyuta, hasa katika ile sehemu ya mfumo endeshi inayopokea na kupeleka data mtandaoni. Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimamia mashine nzima. Linux, Windows na OpenBSD ni mifano yake. Data mtandaoni husafiri kwa vifurushi vidogo viitwavyo pakiti, na karibu kila pakiti hulazimu mfumo ujiulize jambo fulani kuhusu wakati: pakiti hii imefika lini, jibu lisubiriwe kwa muda gani kabla ya kutuma tena, anwani iliyohifadhiwa imekwisha kuwa ya zamani au bado. Majibu ya maswali hayo huhifadhiwa kama namba. Mhadhara huu unaeleza makosa yanayozuka pale namba ya jibu moja inaposomwa kama jibu la swali jingine, jinsi yanavyosahihishwa, na kwa nini mwanaistilahi wa Kiswahili hawezi kuyapuuza.

Upatanisho usioona tofauti

Katika lugha ya C, ambayo ndiyo imetumika kuandika mifumo endeshi mingi, kila namba ina aina yake. Aina huonyesha idadi ya biti zinazobeba namba hiyo, kwa kawaida 32 au 64, na kama namba inaweza kuwa hasi au la. Kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo wa mwandishi kuwa maagizo ya mashine, hukagua kama aina zinaafikiana. Mwanafunzi wa Kiswahili hana haja ya kufikiri sana ili alielewe jambo hili, kwa kuwa ngeli hufanya kazi inayofanana nalo. Anayesema "kiti imevunjika" hukamatwa na upatanisho mara moja, hata kabla msikilizaji hajafikiria viti.

Lakini upatanisho hukamata kile tu unachokiona. Chukua nomino wakati na muda, zote mbili zenye asili ya Kiarabu. Ya kwanza, katika matumizi yake makini, hutaja nukta au kipindi mahususi katika mfululizo wa siku; ya pili hutaja urefu wa kipindi, bila kujali kilianza lini. Kwa maana, hizi ni dhana mbili mbalimbali. Kisarufi, hata hivyo, katika umoja hazitofautiani: husemwa "wakati huu umepita" na "muda huu umepita". Kiambishi ni kile kile, kionyeshi ni kile kile. Tofauti hujitokeza katika wingi tu, ambapo wakati huwa nyakati na kuchukua zi-, na muda huwa mida na kuchukua i-. Kwa kuwa mida haisikiki sana, msemaji anaweza kuishi miaka mingi akiyabadilishana maneno haya mawili bila sarufi kumkemea.

Ndivyo ilivyo katika C. Namba ya sekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970 ni wakati. Namba ya sekunde za kusubiri jibu ni muda. Zote mbili zinaweza kuandikwa kwa aina moja, na kompaila huziona kuwa ni ngeli moja. Hesabu ya kawaida inajua kwamba wakati ukitolewa katika wakati hupatikana muda, na kwamba wakati ukijumlishwa na muda hupatikana wakati mwingine. Wakati kujumlishwa na wakati hakuna maana yoyote, sawa na kujumlisha Jumatano na Ijumaa. Kompaila hukubali hesabu zote hizo bila kinyongo, kwa sababu namba haikumbuki ilikotoka.

Nyakati na ukomo wa mwaka 2038

Kosa linalojulikana zaidi ni la ukubwa wa chombo. Mifumo ya ukoo wa Unix huhesabu sekunde kuanzia mwanzo wa mwaka 1970 kwa saa ya ulimwengu, yaani UTC. Namba hiyo huwekwa katika aina iitwayo time_t, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya biti 32 zenye ishara. Chombo hicho hakiwezi kubeba zaidi ya 2,147,483,647. Sekunde hiyo itafika tarehe 19 Januari 2038 saa 03:14:07 UTC. Kwa mkazi wa Dodoma au Mombasa itakuwa saa 12 na dakika 14 asubuhi, jua likiwa linachomoza. Sekunde itakayofuata, mashine ambayo haijarekebishwa itaigeuza namba kuwa hasi na kudai kwamba ni tarehe 13 Desemba 1901.

Tiba ya kawaida ni kupanua chombo hadi biti 64. NetBSD ilifanya hivyo katika toleo la 6.0 la mwaka 2012, na OpenBSD katika toleo la 5.5 la mwaka 2014. Katika Linux, mashine za biti 64 zilikuwa salama tangu awali, na kazi ngumu ilikuwa kwa zile za biti 32. Toleo la 5.6 la mwaka 2020 ndilo la kwanza ambalo mashine hizo zingeweza kuvuka mwaka 2038. Maktaba ya glibc, ambayo programu nyingi za Linux hutegemea, ilifuata mwaka 2021.

Kupanua huonekana kazi nyepesi mpaka mtu aingie ndani. Agizo la kuchapisha namba katika C hutajiwa ukubwa wa namba kwa alama maalumu. Aliyeandika agizo hilo kwa biti 32 zamani, sasa akalipa namba ya biti 64, atachapisha nusu ya namba, na katika mashine nyingi za biti 32 nusu iliyobaki itasomwa kana kwamba ni namba inayofuata katika orodha, hivyo kila kilicho nyuma yake kinasogea nafasi moja. Tena, mashine ya biti 32 husoma namba ya biti 64 kwa mikupuo miwili. Mkono mmoja wa mfumo ukiwa unaandika muhuri mpya wa pakiti na mwingine unausoma, msomaji anaweza kupata nusu ya zamani na nusu mpya, na kuunganisha wakati ambao haukuwahi kuwako. Hitilafu ya namna hii ilisahihishwa katika soketi za Linux mwishoni mwa mwaka 2018 kwa kuweka kufuli linalomlazimisha msomaji arudie kusoma.

Muda na duara

Hitilafu za muda zina tabia nyingine. Mfumo endeshi huwa na kihesabio kinachoongezeka kwa kila pigo la saa ya ndani, na pigo hilo huitwa tiki. Kihesabio cha biti 32 kinachohesabu milisekunde hujaa baada ya siku 49.7 na kurudi sifuri. Windows 95 na Windows 98 ziliwahi kupata sifa mbaya kwa jambo hili: hitilafu iliyotangazwa mwaka 1999 ilionyesha kwamba mashine iliyowaka mfululizo kwa siku 49.7 ingeweza kuganda. Labda la kustaajabisha zaidi ni kwamba hitilafu hiyo ilichelewa kugunduliwa, kwa vile mashine chache za wakati huo zilidumu siku 49 bila kuzimwa.

Waandishi wa Linux walijifunza kutosubiri. Kihesabio chake, kiitwacho jiffies, hakianzi sifuri mashine inapowashwa. Huanzia mahali ambapo biti zake 32 za chini zitajaa baada ya dakika 5. Kwa njia hiyo, msimbo usioweza kustahimili mzunguko huanguka mbele ya mwandishi wake, wala hausubiri wiki saba umwangukie mteja.

Namna ya kulinganisha namba zinazozunguka inaeleweka kwa urahisi na mtu anayesoma saa kwa Kiswahili. Je, saa 1 huja kabla au baada ya saa 11? Kwa aliyeamka saa 11 alfajiri, saa 1 asubuhi huja baadaye, ingawa 1 ni ndogo kuliko 11. Hakuna anayekosea hapo, kwa sababu akili haishindanishi ukubwa wa namba. Huhesabu hatua kwenda mbele, ikaona kwamba ni mbili tu. Kanuni ya kompyuta ni hiyo hiyo: toa ya kwanza katika ya pili, na kama hatua za kwenda mbele hazifiki nusu ya duara, ya pili ndiyo iliyo mbele. Msimbo unaouliza "je, sasa ni kubwa kuliko mwisho?" una kosa. Msimbo unaouliza "je, sasa kutoa mwisho ni chanya, kwa hesabu ya duara?" uko sawa.

Hapa ndipo tiba ya kupanua hugeuka kuwa sumu. Tuseme kihesabio kilikuwa 4,294,967,290, na baadaye kidogo kikawa 5. Katika biti 32, kutoa kunaleta 11, ambalo ni jibu sahihi: zimepita tiki 11. Mwandishi mwenye nia njema akizihamishia namba hizo mbili katika biti 64 kabla ya kutoa, duara hunyooka na kuwa mstari, na jibu huwa hasi ya 4,294,967,285. Kigeu ni kikubwa zaidi na jibu ni baya zaidi. Kwa hiyo namba ya wakati huponywa kwa kupanuliwa, ilhali namba ya duara huponywa kwa kuachwa katika upana wake na kulinganishwa kwa kanuni yake. Asiyejua ni ipi kati ya hizo aliyo nayo mkononi hawezi kujua dawa ya kutoa.

Mfano mkubwa wa namba ya duara uko katika TCP, itifaki inayobeba sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti. Kila baiti inayopelekwa na TCP hupewa namba ya mfuatano ya biti 32. Katika mtandao wa kasi ya gigabiti 1 kwa sekunde, namba zote zinaweza kwisha kwa sekunde 34 hivi, kisha zikaanza kutumika upya. Pakiti iliyopotea njiani na kuchelewa inaweza kufika ikiwa na namba inayofanana na ya pakiti mpya, na data ya zamani ikachanganyika na mpya pasipo mtu kujua. Waraka wa RFC 1323 wa mwaka 1992, ambao nafasi yake ilichukuliwa na RFC 7323 mwaka 2014, uliweka kinga: kila pakiti ibebe namba nyingine ya biti 32 itokanayo na saa ya mtumaji, na mpokeaji aitupe pakiti yoyote ambayo namba yake iko nyuma ya ile aliyoiona mwisho.

Namba hiyo haisemi ni tarehe gani wala ni saa ngapi. Inaweza kuanzia popote. Kinachotakiwa ni kwamba iende mbele kwa mwendo unaojulikana, kati ya milisekunde 1 na sekunde 1 kwa kila tiki. Mpokeaji hairejeshi kwenye kalenda yoyote, huirudisha tu kwa mtumaji, ambaye huitoa katika hesabu yake ya sasa ili apate muda wa kwenda na kurudi. Ikiwa tiki ni ya milisekunde 1, nusu ya duara ni siku 24.8. Kwa sababu hiyo muunganisho uliokaa kimya zaidi ya siku 24 unatakiwa uisahau namba ya mwisho iliyokumbukwa. Mfumo unaokosea ulinganisho huu huziona pakiti halali kuwa za zamani na kuzitupa moja baada ya nyingine. Hakuna ujumbe wa kosa unaotokea. Kwa mtumiaji, mazungumzo yamekatika tu.

Saa ya siku

Kuna kipimo cha tatu, ambacho si tarehe kamili wala si urefu. Itifaki ya ICMP, iliyoelezwa katika RFC 792 ya mwaka 1981, ina ujumbe unaobeba milisekunde zilizopita tangu usiku wa manane wa saa ya ulimwengu. Siku moja ina milisekunde 86,400,000, na hesabu huanza upya kila siku. Hii ndiyo saa kwa maana ile Mswahili anayomaanisha anapouliza "saa ngapi?": mahali ndani ya siku, bila kutaja siku ipi. Mwanzo wa hesabu ndio unaotofautiana. ICMP huanza pale ambapo Afrika Mashariki ni saa 9 usiku, na Mswahili huanza upya machweo na macheo. Anayetazama saa ya mkononi inayoonyesha 1:00 na kutamka "saa saba" hubadili mwanzo wa hesabu kila siku, na hakosei kwa sababu anajua kwamba kinachoonekana na kinachotamkwa ni hesabu mbili.

Msimbo wa Linux uliokokotoa namba hiyo ulipitia kwanza namba ya sekunde tangu 1970 iliyo katika aina ya zamani, ambayo katika mashine za biti 32 ingefurika mwaka 2038. Mwaka 2016 uliandikwa upya ili upate milisekunde za siku kwa njia salama. Lililofanyika katika pakiti yenyewe ni dogo mno: haikubadilika hata biti moja, kwa kuwa saa ya siku hutosha katika biti 32 milele.

Kusahihisha maana

Masahihisho mengi katika mifumo ya ukoo wa BSD hayahusu ukubwa kabisa. Jedwali la njia za mtandao huwa na maingizo yenye tarehe ya kukoma. Zamani tarehe hiyo iliandikwa kwa saa ya kalenda. Kompyuta ndogo isiyo na betri ya saa huwaka ikidhani ni mwaka 1970, huweka maingizo yatakayokoma baada ya dakika 20, kisha huuliza saa mtandaoni na kuruka miongo kadhaa kwa sekunde moja. Maingizo yote hufa papo hapo. Saa ikirudishwa nyuma hutokea kinyume chake, na maingizo yaliyopaswa kufa hubaki. Dawa ni kuhesabu kwa muda uliopita tangu mashine iwashwe, ambao haurudi nyuma wala hauruki, na kuugeuza kuwa wakati wa kalenda pale tu unapoonyeshwa kwa programu za nje. NetBSD ina amri ndogo ndani ya kiini chake kwa ajili ya ubadilishaji huo, na jina lake hutaja saa zote mbili, ya kupimia na ya ukutani.

Mfano unaoonyesha tatizo zima kwa uwazi ni wa soketi za Linux. Programu inaweza kuomba muhuri wa kila pakiti kwa chaguo la SO_TIMESTAMP, na inaweza kuweka ukomo wa kusubiri kwa chaguo la SO_RCVTIMEO. La kwanza hurudisha wakati. La pili hupokea muda. Vyote viwili vilibebwa na muundo mmoja wenye sekunde na mikrosekunde. Mwaka 2038 unatishia cha kwanza tu. Hakuna programu inayosubiri jibu kwa miaka 68. Hata hivyo, toleo la 5.1 la mwaka 2019 lililazimika kuvipatia vyote viwili machaguo mapya, kwa sababu muundo ulipopanuliwa katika maktaba, kiini cha mfumo hakikuwa na njia nyingine ya kujua kama kimepewa umbo la zamani au jipya. Muda, ambao haukuwa na ugonjwa, ulilipishwa gharama ya matibabu kwa kuwa ulivaa nguo moja na wakati.

Uchaguzi wa istilahi

Kiingereza kina nomino moja kwa ile namba ya soketi, ile ya TCP na ile ya ICMP, nomino iliyoundwa kwa kuunganisha wakati na muhuri. Mfasiri wa Kiswahili huvutwa na maneno mawili: muhuri wa wakati na muhuri wa muda. Kazi ya kuziweka programu katika Kiswahili ina historia. Mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi za Jambo OpenOffice mwaka 2004. Katika programu za ofisi maneno hayo mawili yakibadilishana hakuna anayeumia. Katika kitabu cha kumfundisha mwanafunzi kuandika msimbo wa mtandao, muhuri wa muda ni kosa lenyewe likiwa limechapwa.

Neno muhuri hudokeza barua ya posta: alama iliyogongwa siku fulani ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma baadaye. Linafaa kwa namba ya soketi, na muhuri wa wakati ni istilahi nzuri kwake. Kwa ICMP, saa ya siku inaeleza ukweli wote bila muhuri. Kwa TCP hakuna barua wala tarehe, na anayetafsiri kwa kufuata neno la Kiingereza humpa mwanafunzi picha ya kalenda mahali ambapo pana duara tu. Namba ya tiki ingemwambia kwamba hii huhesabiwa na kutolewa, na kwamba haifai kusomwa kama tarehe. Inaweza kupingwa kwamba msomaji wa nyaraka za kimataifa atashindwa kuona kuwa istilahi tatu za Kiswahili zinarejea neno moja la Kiingereza. Pingamizi hilo lina uzito, na jibu lake ni la kikamusi: kidahizo cha Kiingereza kiwekewe maana tatu zenye namba, kila moja na mfano wake wa itifaki, kama kamusi zinavyofanya kwa nomino saa, ambayo chini yake huwekwa kifaa, kipindi cha dakika 60 na mahali ndani ya siku.